Pilau ya Jumapili kwa Marafiki Wanane: Mwongozo kwa Mwenyeji Anayetaka Kuketi na Wageni Wake

Rafiki anapoitwa nyumbani kula, huja kwanza kuonana na aliyemwita, kisha ndipo chakula kifuate. Nililielewa jambo hilo kwa uchungu Jumapili moja hapa Dar es Salaam, nilipowaalika wenzangu saba na kuamua kuwakaangia samaki, sambusa na bajia ili kila kitu kiliwe kikiwa cha moto. Kwa karibu saa mbili nilisimama mbele ya karai la mafuta nikisikia vicheko vyao sebuleni, na shoga yangu mmoja aliyekuwa amesafiri kutoka Tanga akalazimika kuondoka kuwahi basi kabla sijaketi naye hata dakika kumi. Chakula kilisifiwa sana, lakini mazungumzo niliyoyangoja kwa miezi mingi yalipita bila mimi. Tangu siku ile, ninapoita watu nyumbani hupika pilau ya nyama, kwa sababu kazi yake nzito inaweza kumalizwa jana yake, na saa yake ya mwisho pilau hujiivisha yenyewe chini ya makaa wakati mpishi ameshaoga, amevaa na anafungua mlango.

Mwongozo huu ni wa watu wanane, mwenyeji akiwa mmoja wao, na unaanzia siku ya kualika hadi sufuria inapooshwa.

Hatua ya kwanza: Kualika

Waalike siku nne au tano kabla, na katika mazungumzo hayohayo uliza mambo mawili: kuna asiyekula nyama, na kuna aliyekatazwa chumvi, sukari au pilipili na daktari? Ni vyema kuyajua haya mapema kuliko kumwona mgeni akichagua viazi pembeni mwa sinia kwa aibu. Kwa asiyekula nyama, mbaazi za nazi hutosha kabisa, maana wenzake nao watazila, naye hataonekana kupikiwa chakula cha peke yake. Akumbuke mpishi tu kwamba mgeni huyo atahitaji wali mweupe kidogo, kwa kuwa pilau imepikwa kwa supu ya nyama.

Ukitaka watu wale saa nane mchana, waambie wafike saa saba. Akiuliza mtu aje na nini, mjibu kwa kutaja kitu, kwa mfano tikiti, ndizi mbivu au barafu, kwa sababu jibu la "njoo tu" humwacha akihangaika njiani na mara nyingi wote saba huishia kuleta soda.

Hatua ya pili: Kwenda sokoni

Nenda sokoni Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali na nyama haijaguswaguswa. Kwa watu wanane utahitaji mchele kilo 1, nyama ya ng'ombe kilo 1 na nusu, vitunguu maji vikubwa 6, viazi mbatata 8 vya wastani, vitunguu saumu vizima 2, tangawizi mbichi ya urefu wa kidole, na mafuta ya kupikia kikombe 1. Viungo vikavu ni bizari nyembamba vijiko 2 vya mezani, ile ambayo Wazanzibari huiita uzile na wengine jira. Pilipili manga nzima kijiko 1 cha chai. Iliki punje 10. Karafuu punje 8. Na vijiti 2 vya mdalasini. Kwa kachumbari nunua nyanya ngumu 6, vitunguu 2, pilipili mbichi, ndimu 3 na fungu la giligilani. Ongeza ukwaju robo kilo kwa ajili ya kinywaji, nazi 2 na sukari kwa ajili ya kashata.

Bizari nyembamba ndiyo inayoipa pilau harufu yake, kwa hiyo inunue nzima wala usinunue iliyosagwa ikakaa kwenye pakiti. Chukua punje chache, zisugue kiganjani kwa kidole gumba, kisha unuse. Harufu ikipanda mara moja, nunua. Ikibidi uvute pumzi mara mbili ndipo uisikie, nenda kwa muuzaji mwingine, hata kama bei ni ileile.

Kuhusu mchele, wapo wanaoapa kwa basmati na wapo wanaoapa kwa mchele wa Kyela. Basmati huchambuka kwa urahisi zaidi na humsamehe mpishi anayeanza. Mchele wa Kyela una utamu na harufu yake yenyewe, nami huupenda zaidi, lakini unahitaji jicho la makini kwenye maji. La muhimu ni kumuuliza muuzaji kama mchele ni wa mavuno mapya au umekaa ghalani. Mchele mpya hunywa maji kidogo na hushikana upesi, ilhali uliokaa hunywa zaidi na kubaki punje punje, na watu wengi waliopika bokoboko bila kutaka walitumia tu kipimo cha mchele wa zamani kwa mchele mpya.

Nyama iwe na mifupa kiasi, ya ubavu au ya mkono, ikatwe vipande vya ukubwa wa nusu ya ngumi. Nyama laini isiyo na mfupa haina faida hapa, kwa sababu supu ndiyo itakayopikia mchele, na supu nzuri hutoka kwenye mfupa.

Hatua ya tatu: Jumamosi jioni

Osha nyama, iteleke kwa lita 3 za maji pamoja na chumvi, nusu ya tangawizi iliyopondwa na nusu ya kitunguu saumu. Ikianza kuchemka, ondoa povu kwa upawa, punguza moto, funika na uiache itokote kwa saa moja hadi saa moja na nusu. Ng'ombe wa kienyeji huwa na nyama ngumu na anaweza kuhitaji zaidi. Anayetumia sufuria ya presha atamaliza kwa nusu saa hivi, lakini apunguze maji. Nyama iwe imeiva kiasi cha kuchomeka kwa uma bila kusukuma sana, ila isiwe inaachana na mfupa, kwa kuwa kesho itaingia motoni tena. Ikishapoa, iweke kwenye jokofu ndani ya supu yake. Asubuhi utakuta mafuta yamegandamana juu. Usiyatupe, kwa sababu kijiko kimoja au viwili vya mafuta hayo vikichanganywa na mafuta ya kukaangia vitunguu huongeza ladha ambayo mafuta ya chupa hayana.

Wakati supu inatokota, chagua bizari nyembamba juu ya sinia uondoe vijiti na vijiwe, kisha ikaange kavu kwenye kikaango kwa moto mdogo, ukitikisa bila kuacha, hadi harufu ijae jikoni na punje zigeuke rangi kidogo tu. Ni kazi ya dakika moja na nusu au mbili, na ikizidi hapo bizari huwa chungu. Itwange kinuni pamoja na nusu ya pilipili manga na nusu ya iliki, isiwe unga kabisa. Viungo vilivyobaki vitaingia vikiwa vizima.

Roweka ukwaju kwa lita moja na nusu ya maji ya moto. Asubuhi utaukamua kwa mkono, utauchuja na kutia sukari pamoja na iliki kidogo. Kashata za nazi nazo hutengenezwa usiku huu: chemsha vikombe 2 vya sukari kwa nusu kikombe cha maji mpaka shira ivutike kama uzi kati ya kidole gumba na cha shahada (ichote kwanza kwa kijiko ipoe, maana shira ya moto huunguza vibaya), tia nazi 2 zilizokunwa na chembe za iliki, koroga mpaka donge liachane na sufuria, limwage kwenye sinia lililopakwa mafuta, na likate likiwa bado vuguvugu.

Kabla ya kulala, jaza ndoo za maji. Maji ya bomba yana tabia ya kukatika siku ya wageni.

Hatua ya nne: Asubuhi, kabla moto haujawashwa

Wanaopikia gesi wapime mtungi. Mwaga maji ya moto kwa wembamba ubavuni mwake kuanzia juu hadi chini, kisha pitisha kiganja: sehemu iliyo tupu itakuwa na joto, na pale penye gesi ya maji chuma kitabaki cha baridi. Ukikuta ubaridi uko chini kabisa, tafuta mtungi mwingine sasa, kwa sababu pilau ikikatikiwa moto wakati mchele umeshaingia haitengenezeki tena.

Mchele uchague, uoshe mara tatu au nne mpaka maji yakaribie kuwa maangavu, uloweke kwa nusu saa, kisha uuchuje na kuuacha kwenye chujio ujikaushe. Menya viazi uvikate nusunusu na uviache ndani ya maji. Kachumbari uiandae kwa sehemu: katakata vitunguu vyembamba, vifikiche kwa chumvi na uvisuuze mara mbili ili ukali utoke, katakata nyanya uziweke kwenye bakuli lake. Chumvi na ndimu zisitiwe hadi dakika ya kupakua, kwa kuwa chumvi huzitoa nyanya maji na kachumbari ikaogelea.

Hatua ya tano: Vitunguu

Hapa ndipo pilau inapopatikana au kupotea, na hapa ndipo nisingependa mtu aharakishe. Rangi ya pilau hutoka kwenye kitunguu kilichokaangwa ipasavyo. Anayetia rangi ya dukani au bizari ya manjano ili kuipaka rangi pilau, mara nyingi ni kwa sababu aliondoa vitunguu motoni mapema.

Saa tano asubuhi, teleka sufuria nzito na pana, tia mafuta, na yakipata moto vikaange viazi vilivyokaushwa maji mpaka viwe na ngozi ya dhahabu, kisha uvitoe. Ndipo uweke vitunguu maji sita vilivyokatwa vyembamba kwa upana unaolingana, kwa sababu vinene na vyembamba vikichanganyika, vyembamba vitaungua kabla vinene havijageuka. Kwa dakika kumi za kwanza hutaona kitu zaidi ya vitunguu kulainika na kutoa maji, na sauti yake itakuwa ya kutokota. Maji yakiisha sauti hubadilika na kuwa ya kukaangika, kali na kavu zaidi, na kuanzia hapo usiondoke. Pembeni mwa sufuria vitaanza kuwa vya njano, kisha vya dhahabu, kisha vya rangi ya asali. Geuza kila mara ukivileta vya pembeni katikati. Ngoja mpaka viwe vya kahawia iliyokoza, kama rangi ya mbegu ya ukwaju, harufu yake ikiwa bado tamu. Kutoka rangi hiyo hadi weusi ni chini ya dakika moja. Kwa hiyo uwe na upawa wa supu mkononi, na mara rangi inapofika, umwage ndani. Utasikia mlio mkubwa na mvuke utapanda. Vitunguu vitaacha kuiva hapohapo, na supu itageuka rangi ya chai ya rangi iliyokolea.

Vikiungua vikawa vyeusi na kunuka uchungu, vitupe uanze upya. Vitunguu sita vya kuanzia upya ni gharama ndogo ukilinganisha na kilo moja na nusu ya nyama iliyotiwa uchungu.

Sasa tia tangawizi na kitunguu saumu kilichobaki, vyote vimepondwa, ukoroge kwa dakika moja. Tia mdalasini, karafuu, iliki nzima na pilipili manga nzima, kisha bizari uliyotwanga, ukibakiza kijiko kimoja cha chai. Karafuu zihesabu kweli punje nane: ni kiungo chenye nguvu, na kikizidi hufunika vingine vyote na kuacha ganzi ulimini. Ongeza vipande vya nyama vilivyotolewa kwenye supu, uvigeuze mpaka vishike viungo pande zote, kisha urudishe viazi.

Hatua ya sita: Mchele na makaa

Kilo moja ya mchele ni takriban vikombe vitano. Kwa mchele uliolowekwa, kikombe kimoja hupikwa kwa kikombe kimoja na nusu cha supu. Kwa mchele wa mavuno mapya punguza kidogo. Supu isipotosha, jazia kwa maji ya moto, wala usitie maji baridi. Acha ichemke, kisha uionje kabla ya mchele kuingia: supu iwe imezidi chumvi kidogo kuliko unavyoweza kuinywa, kwa kuwa mchele utaivuta chumvi hiyo. Baada ya hapo hakuna nafasi nyingine ya kusahihisha.

Mimina mchele, usawazishe kwa mwiko, na uhakikishe supu imesimama juu yake kwa kiasi cha pingili moja ya kidole. Mama zetu walitumia kidole hicho bila kikombe chochote, na ukishapika mara tano au sita nawe utakitegemea. Acha ichemke kwa moto wa nguvu bila kufunika na bila kukoroga. Mwiko ukizunguka hapa huvunja punje na kuufanya mchele kuwa ugali. Supu ikishaingia ndani na vijitundu vikaonekana juu ya mchele, geuza mara moja tu kutoka chini kwenda juu ukipitia ukingoni mwa sufuria, nyunyiza bizari iliyobaki, na ufunike.

Kwa wenye jiko la mkaa, sasa ni wakati wa kupalia. Bakisha makaa machache chini ya sufuria, mengine yote uyapange juu ya mfuniko wa bati ulio bapa, usio na kishikio cha plastiki. Baada ya nusu saa pilau itakuwa imeiva kwa joto la juu na la chini, kila punje imesimama peke yake. Jiko liwe barazani au uani: mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na huua, kwa hiyo usiuwashe ndani ya nyumba iliyofungwa hata kama mvua inanyesha. Kwa wanaotumia gesi, weka kikaango cha chapati chini ya sufuria ili moto usiigonge moja kwa moja, funga mfuniko kwa kitambaa safi ambacho ncha zake zimefungwa juu mbali na mwali, na upunguze moto hadi mwisho kwa dakika 25. Mwenye oveni aiweke sufuria humo kwa nyuzi 150, muda uleule.

Inapofika saa saba, pilau iko tayari na itabaki na joto lake kwa karibu saa nzima ikiwa haifunuliwi. Muda pilau inapojiivisha, kabla wageni hawajafika, ni wako: kuoga, kubadilisha nguo, kufukiza udi ukipenda, na kukaa barazani.

Hatua ya saba: Kupokea na kupakua

Tandika jamvi na mikeka na uweke mito ya kuegemea, au panga meza kama wapo wazee wenye magoti mabovu. Wageni wakiingia, wape ukwaju baridi kwanza, maana wametoka juani. Salamu zisikatishwe na mambo ya jikoni. Hii ndiyo sababu ulipika jana.

Wakishatulia, pitisha birika la maji ya vuguvugu, beseni, sabuni na taulo, ukianza na mkubwa wao kwa umri, nawe au kijana wa nyumbani mkimwaga maji. Mwenzio mmoja achanganye nyanya, vitunguu, pilipili, giligilani, chumvi na ndimu wakati wewe unapakua. Pilau huchotwa kutoka pembeni, kwa mwiko bapa, ikirundikwa katikati ya sinia na vipande vya nyama na viazi vikipangwa juu. Masinia mawili, watu wanne kila moja, yanafaa zaidi kuliko sahani nane: watu hula wakitazamana, na anayeona mwenzake ana nyama kidogo humsogezea. Weka pia ndizi mbivu na achari ya maembe. Ukoko wa chini usiufiche jikoni. Ukwangue uuweke kwenye kisahani, na utaona utakavyogombewa.

Wageni wakitaka kukusaidia kubeba vyombo, wakubalie. Rafiki anayekatazwa kugusa chochote huendelea kuwa mgeni mchana kutwa.

Hatua ya nane: Kahawa, na kilichobaki

Nusu saa baada ya kula, leta kahawa chungu kwenye vikombe vidogo pamoja na kashata. Mazungumzo marefu huanzia hapa, kwa hiyo usianze kuosha vyombo. Tia maji ya moto kwenye sufuria, uifunike na urudi kuketi.

Pilau iliyobaki ishughulikiwe kabla ya kikombe cha pili. Wali ukikaa kwenye joto letu kwa zaidi ya saa moja au mbili, huota vijidudu vinavyoweza kutoa sumu isiyoondoka hata ukiupasha moto tena. Itandaze kwenye sinia ipoe haraka, igawe kwenye vyombo vyenye vifuniko, kimoja uweke kwenye jokofu na vingine uwape watakaofika nyumbani mapema, ukiwaambia waile jioni hiyohiyo au waiweke kwenye jokofu mara wafikapo. Anayesafiri mbali umfungie kashata tu, kwa sababu hazitaharibika ndani ya basi.